Leseni za Kugawa Seva: Majibu kwa Wasomaji

SWALI: Mhariri, ninaendesha duka la vifaa vya ujenzi mjini Mwanza lenye wafanyakazi 14 wanaopokezana kwa zamu mbili kwenye kompyuta 7. Tuna seva tatu zilizochakaa, zote za Windows Server 2016: ya kwanza ina programu ya uhasibu, ya pili ina programu ya stoo na mauzo, na ya tatu inatunza mafaili ya ofisi. Tunataka kununua seva moja mpya yenye prosesa mbili na kuigawa iwe kompyuta pepe tatu, yaani kompyuta tatu za kiprogramu ndani ya mashine moja. Kwa kazi hiyo ya kuigawa, muuzaji ametupendekezea programu ya VMware, lakini fundi wetu anasema tuchukue Proxmox kwa sababu ni ya bure na hatutalipa chochote. Tumsikilize nani?

JIBU: Ndugu msomaji, umeuliza kuhusu leseni moja, ilhali mbele yako zipo mbili. Ipo leseni ya programu inayoigawa seva, na ipo leseni ya mfumo endeshi, kwako Windows, utakaowekwa ndani ya kila kompyuta pepe. Muuzaji na fundi wanabishana juu ya ile ya kwanza tu, na ile ya pili itakugharimu hata ile ya kwanza ikiwa ya bure.

Tuanze na ubishi wao. VMware ni programu iliyokomaa, lakini tangu kampuni ya Broadcom ilipokamilisha kuinunua mwezi Novemba 2023, leseni za kudumu zimeacha kuuzwa na wateja wapya hulipia kwa muda maalumu, kisha hulipa tena muda huo ukiisha. Kifurushi cha bei nafuu kilichotengenezwa kwa ajili ya ofisi zenye seva zisizozidi tatu nacho kimeondolewa sokoni. Zaidi ya hayo, hesabu hufanywa kwa viini vya prosesa, yaani sehemu za ndani yake zinazofanya kazi kila moja kivyake, na kila prosesa huhesabiwa kuwa na viini visivyopungua 16 hata kama ina 8 tu. Seva yako ya prosesa mbili, zikiwa na viini 8 kila moja, italipiwa viini 32 wakati unavyo 16. Kwa kompyuta pepe tatu katika duka, sioni sababu ya kubeba mzigo huo, tena wa bei inayofuata thamani ya dola.

Fundi wako yuko sahihi kwamba Proxmox, ambayo hutengenezwa mjini Vienna na kusimama juu ya mfumo endeshi wa bure wa Linux, ni programu huria ambayo kampuni inaruhusiwa kuitumia bila malipo. Kinacholipiwa ni usajili wa mwaka, unaohesabiwa kwa idadi ya prosesa, ambao hufungua njia ya masasisho yaliyopimwa zaidi na, kwa ngazi za juu, msaada wa wataalamu. Ningekushauri ulipie walau ngazi ya chini, kwa kuwa seva hiyo ndiyo itakayobeba mauzo yako yote. Lakini fundi anakosea anaposema hutalipa chochote, kwa sababu Windows haigeuki kuwa ya bure eti kwa kuwa imewekwa juu ya programu ya bure.

Leseni ya Windows Server Standard hudai viini vyote halisi vya seva vilipiwe, visipungue 8 kwa kila prosesa wala 16 kwa seva nzima. Ukishavilipia vyote, unaruhusiwa kuendesha kompyuta pepe mbili za Windows Server. Ukitaka ya tatu, unavilipia viini vyote upya, na hapo unapata nafasi mbili nyingine. Bei ya orodha ya toleo la 2025 kwa viini 16 hukaribia dola 1,200 za Marekani, kabla ya kodi na faida ya muuzaji. Toleo la Datacenter huondoa ukomo huo wa kompyuta pepe, lakini bei yake ni zaidi ya mara tano, kwa hiyo halikuhusu.

Kompyuta pepe yako ya tatu, basi, ndiyo ya kutazamwa. Kazi yake ni kutunza mafaili, na kazi hiyo Linux yenye Samba, programu ya bure ya kushirikisha mafaili kwenye mtandao, huifanya vizuri bila leseni. Wafanyakazi wataendelea kuyafungua mafaili yao kutoka kwenye kompyuta za Windows kama walivyozoea. Uhasibu na stoo vibaki kwenye Windows, na seti moja ya Standard itakutosha.

Kwa kuwa seva hujainunua, mwambie muuzaji akupatie yenye prosesa moja ya viini 16 badala ya mbili. Nguvu itakutosha, hesabu ya Windows itabaki kwenye kiwango chake cha chini, na usajili wa Proxmox utaulipia prosesa moja.

Zipo pia leseni za wanaoifikia seva ya Windows, ambazo wauzaji wengi huzitaja mwishoni au hawazitaji kabisa. Hununuliwa kwa kila mtu au kwa kila kifaa. Watu 14 wanaopokezana kompyuta 7 wanunuliwe leseni 7 za vifaa, lakini hakikisha hakuna anayeingia pia kwa simu au kompyuta yake binafsi, kwani hicho nacho ni kifaa. Iwapo programu ya stoo hufunguliwa kwa kuingia moja kwa moja kwenye dawati la seva kutoka mbali, kuna leseni nyingine ya ziada kwa huduma hiyo.

Usitegemee kuhamisha leseni za seva za zamani. Zilizokuja pamoja na mashine zimefungwa kwenye mashine hizo, na isitoshe, msaada wa Microsoft kwa toleo la 2016 unakoma tarehe 12 Januari 2027.

Ikiwa fundi wako anaielewa Windows kuliko Linux, Hyper-V, programu ya Microsoft ya kuigawa seva, imo ndani ya leseni hiyohiyo ya Windows Server bila malipo ya ziada. Sharti ni kwamba Windows iliyo kwenye seva yenyewe ifanye kazi ya kusimamia kompyuta pepe tu. Mkiipa na kazi ya kutunza mafaili, mtakuwa mmepoteza nafasi moja kati ya mbili.

SWALI: Ofisini kwetu Mombasa tunatumia VirtualBox, programu ya kuendesha kompyuta pepe, kwenye kompyuta mbili kwa ajili ya programu moja ya zamani. Je, tunavunja sheria?

JIBU: VirtualBox yenyewe mnaruhusiwa kuitumia, hata kibiashara. Tatizo lipo kwenye kifurushi cha nyongeza, Extension Pack, ambacho Oracle, kampuni yenye VirtualBox, hukitoa bure kwa matumizi binafsi, ya elimu na ya majaribio, lakini kwa ofisi hudai leseni ya kulipia. Kikaguliwe leo, na kama hakihitajiki kiondolewe. Kama kinahitajika, angalieni badala ya VirtualBox programu ya VMware Workstation Pro, ambayo tangu Novemba 2024 ni ya bure hata kwa kampuni. Na ikiwa programu hiyo ya zamani inaishi ndani ya Windows, nakala hiyo ya Windows lazima iwe na leseni yake yenyewe, mbali na ile ya kompyuta inayoibeba.