Msanifu na mhandisi ofisi moja

Dada, umeuliza kama ghorofa yako ya Raskazone uipeleke kwenye ofisi moja yenye msanifu na mhandisi, au utafute kila mmoja kivyake. Mimi nasema ofisi moja. Hapa Tanga chumvi ya bahari haina huruma na nondo. Msanifu akichora baraza jembamba linaloning'inia upande wa bahari, mhandisi wa meza ya pili anamwambia palepale: ongeza unene, zege lifunike nondo vizuri, maji ya mvua yapate mteremko. Ramani inarekebishwa kabla fundi hajagusa kitu. Wakiwa mbalimbali, unaweza kukuta nguzo katikati ya sebule na msingi umeshachimbwa, na hasara ni yako. Lile jengo lililokuwa likiitwa John Hancock Center kule Chicago, ghorofa 100, msanifu Bruce Graham na mhandisi Fazlur Khan walikuwa kampuni moja. Ile mihimili ya X inayolishikilia ndiyo sura yake pia. Ila hakikisha wote wawili wamesajiliwa, kila mmoja kwenye bodi yake, na mhandisi afike saiti kukagua nondo kabla zege halijamwagwa.