Kualikwa Chhath: nifunge au nisifunge?

Mdogo wangu, nimekuelewa: unasoma Patna, India, mama mwenye nyumba wako amekualika Chhath (sikukuu ya Kihindu ya siku nne ya kuliabudu jua), nawe unataka kufunga naye kwa heshima, ila una vidonda vya tumbo.

Usifunge. Ule si mfungo wa kufuturu magharibi. Mama akishakula ule wali wa maziwa na sukari guru usiku wa siku ya pili, ndiyo basi: kama saa 36 bila chakula wala tone la maji. Hata wenyewe hawafungi wote. Mara nyingi ni mama mmoja kwa niaba ya nyumba nzima. Ukiona lazima, muone daktari kwanza.

Heshima ionyeshe kwa kazi. Oga, vaa nguo safi, kisha uliza ubebe nini. Usiguse matoleo bila kuambiwa. Mimi nilipeleka mkono kwenye thekua (vitumbua vigumu vya ngano, guru na samli) kabla hazijatolewa kwa jua. Nilikatwa jicho hilo!

Jioni ya siku ya tatu utamwona kasimama majini, ungo wa mianzi wenye matunda na miwa mkononi, analielekea jua linalozama. Alfajiri inayofuata, linalochomoza. Chukua sweta.

Ngazi za mto Ganga zinateleza na watu ni wengi mno. Kama hujui kuogelea, baki juu, usivuke uzio. Thekua utapewa baadaye, bila hata kuomba.