Wanaposema bado hujaiva

Mwanangu mpenzi,

Umeniuliza: "Mama, wameninyima ukuu wa idara mara ya pili, eti bado sijaiva. Mweusi kwenye kile chumba ni mimi tu, na mwanamke ni mimi tu. Je, kasoro ni yangu?"

Hapana. Ila najua ukiambiwa "hapana" na mama yako hutatosheka, kwa hiyo nisikilize.

Mwaka 1976 huko Marekani mahakama iliamua kesi ya wanawake weusi watano dhidi ya kampuni ya magari ya General Motors. Kampuni ilianza kuwaajiri wanawake weusi kwa kuchelewa, kisha kazi zilipopungua ikawaondoa kwanza walioingia mwisho. Mahakama ikasema kampuni imeajiri wanawake miaka mingi, basi ubaguzi wa jinsia haupo. Lakini hao walioajiriwa miaka yote hiyo walikuwa weupe! Suala la rangi, wale watano wakaambiwa waliunganishe na kesi nyingine. Kuyashika yote mawili kwa pamoja, wakakataliwa. Mwaka 1989 mwanasheria Kimberlé Crenshaw aliwafananisha na mtu aliyesimama njia panda: gari laweza kumgonga kutoka upande wowote. Hapo ndipo uliposimama, mwanangu. Aliyekupima kwa uanamke peke yake, au kwa weusi peke yake, hajakuona.

Sasa rudi kwa mkuu wako umwombe kipimo. Ni kitu gani hasa kimepungua? Kazi gani itaonyesha kwamba umekipata, na ifikapo lini? Ukitoka tu, mwandikie barua pepe: "Kama tulivyozungumza leo..." Akikupa kipimo, fanya kazi. Ukikifikia naye akakisogeza, utakuwa na maandishi mkononi.

Mimi sikuwa nayo. Niliwahi kutoa wazo kikaoni, kimya. Baadaye mwenzetu mmoja akalisema lile lile, vichwa vikatikisika. Kumbukumbu za kikao zilipokuja, lilikuwa na jina lake. Karatasi ile niliitunza kwenye droo miaka mingi, na kila nikiifungua naona mstari ule ule. Kilichonisaidia ni mwenzangu mmoja tuliyepatana naye: nikisema jambo, yeye anadakia, "Hilo alilosema dada hapa tulijadili," nami namfanyia hivyo hivyo. Wanawake waliofanya kazi Ikulu ya Marekani wakati wa Obama walitumia mbinu hiyo hiyo. Tafuta wako mmoja.

Tafuta pia mkubwa atakayekutaja nafasi zinapogawanywa nawe haupo. Washauri unao wa kutosha, na wanakupenda, lakini hawaingii katika chumba kile.

Kuhusu kuhama, usiamue kwa hasira ya wiki hii. Kipimo kikisogezwa tena, hama, na nitakusaidia kufunga mizigo.

Jumatatu ukitoka kuonana naye nipigie, hata iwe usiku. Nitakuwa macho.

Mama yako