Barua kwa mwanangu: mbaazi za baba yako

Mwanangu,

Swali lako nimelisoma mara mbili. Unasema Idi hii mkija na watoto kutoka Maskati mtaona vibaya kula mbaazi za nazi na pilau huku baba yako ana sahani yake ya wali mweupe, na unauliza kama haitakuwa stara zaidi mle uani, mlango mmeurudisha, yeye apelekewe chake barazani. Nitakujibu. Lakini kwanza nataka uijue hiyo hamu inavyokuja na inavyotulizwa, maana ninyi wote mnadhani hamu ni njaa. Mimi nasema siku zote na mnanicheka: hamu inataka kuonja, haitaki kushiba.

Njaa tuitoe njiani mapema. Figo za baba yako zilipoanza kushindwa, kabla ya mashine ya kusafisha damu, alipunguziwa nyama na samaki. Tangu aanze kusafishwa damu mambo yamegeuka, mashine nayo inaondoka na protini, kwa hiyo anatakiwa ale gramu 1 hadi 1.2 kwa kila kilo ya mwili. Kilo zake ni 60, basi ni gramu 60 hadi 72 kwa siku. Yai lina 6, kipande cha changu kama kiganja kina kama 20. Mayai mawili asubuhi, samaki mchana, kuku usiku, ndiyo anafika. Mwezi wa kwanza kila mtu humu ndani alikuwa bado anambania kwa mazoea, naye ikifika saa nne asubuhi anafungua makabati. Tukamwita mroho. Ilikuwa njaa tupu. Siku akishiba vizuri asubuhi, nusu ya hizo hamu huzisikii.

Ya pili ni kiu, na kiu huzaliwa na chumvi. Chumvi gramu 8 hivi zikiingia mwilini hudai maji lita nzima, na mtu hatulii mpaka ayanywe. Haki yake ya siku ni gramu 5, kijiko kimoja cha chai kilichosawazishwa, na hapo umeshahesabu ya kwenye mkate. Ng'onda, achari, vidonge vya mchuzi vya dukani, hivyo vyote vinavunja hesabu, asipewe. Achari ya birimbi ndiyo usiitaje kabisa: chumvi ni moja, na lile birimbi lenyewe lina asidi ya oksaliki inayoumiza figo hata za mzima. Ukiacha chumvi, wiki za mwanzo chakula ni kama majani makavu; baada ya miezi miwili hivi ulimi huzoea, na mkate wa dukani mtu anaanza kuuona mchungu kwa chumvi. Kwake ilikuwa hivyo hivyo.

Maji yake ni kiasi cha mkojo wa siku iliyopita ukijumlisha nusu lita. Kwa sasa inakuja kama lita 1. Usimhesabie kwa macho. Asubuhi jaza chupa ya lita, na kila akinywa kitu kingine, chai, uji, mchuzi, hata barafu, mwaga kiasi kile kile kutoka kwenye chupa. Ikiisha imeisha. Maji mpe kwa kile kikombe kidogo cha kahawa, asipewe bilauri. Mdomo ukimkauka asukutue na kutema, au amung'unye hiliki moja, au kipande cha nanasi kilichogandishwa. Nanasi halina potasiamu nyingi, yale madini ambayo figo zake haziyatoi tena na yakizidi yanagusa moyo. Kati ya mashine na mashine uzito usipande zaidi ya kilo mbili na nusu hivi. Kilo moja iliyoongezeka ndani ya siku mbili ni lita ya maji, hakuna aliyenenepa.

Ukimkuta anatafuna barafu kwa fujo, au anaulizia ule udongo wa pemba wanaokula wajawazito, usicheke. Mara nyingi damu imepungukiwa madini ya chuma. Mwambie sista siku ya mashine wapime.

Sasa mbaazi, ambazo ndizo unazoziogopa. Kikombe kizima cha mbaazi zilizoiva kina potasiamu zaidi ya miligramu 600, na kikombe cha tui zito kina kama hizo hizo. Yeye kwa siku nzima asipite gramu 2 hadi 3. Kwa hiyo sufuria ya kawaida hapana. Lakini sufuria yangu fanya hivi: mbaazi kavu ziloweke usiku kucha, maji yamwage. Zichemshe kwa maji mengi mpaka zianze kulainika, mwaga tena. Tia maji mapya ya moto uziivishe kabisa, na hayo pia yachuje, usiache rojo. Hapo kaanga kitunguu, saumu, tangawizi, bizari na pilipili manga, nyanya moja tu, wala usiguse ile ya kopo. Pikia kwa tui jepesi la mkamuo wa pili, kidogo tu, na mwisho kabisa, sufuria ikiwa inatoka motoni, tia vijiko vitatu vya kasimele, lile tui zito la mkamuo wa kwanza, juu, usikoroge sana. Ile harufu na ule utamu wa kwanza mdomoni unatoka kwenye hivyo vijiko vitatu. Vikipikwa mapema vinapotea ndani, na mpishi anaongeza vingine, na vingine. Ukali utafute kwenye ndimu. Ukwaju uache, una potasiamu nyingi. Yeye mpimie kikombe cha kahawa kimoja, pamoja na andazi lisilo na chumvi. Hamu inataka kuonja, haitaki kushiba; kikombe kile anakimaliza kwa dakika ishirini na anafumba macho.

Viazi vya pilau vikate vidogo uvichemshe pembeni, maji umwage, ndipo uvitie. Shangazi yako anaviloweka tu usiku kucha na kuamini amemaliza kazi. Kuloweka peke yake hakutoi kitu cha maana. Kuchemsha vipande vidogo kunatoa karibu nusu ya potasiamu, ukivikwangua hata robo tatu. Na pilau lote lipikeni bila chumvi, chumvi ikae mezani, kila mtu ajitilie. Watoto wako watalalamika siku moja tu.

Vile vidonge vyake vya kuzuia fosforasi avitafune katikati ya chakula. Akivinywa baada ya kula ni kama hakunywa, kazi yake ni kukamata fosforasi tumboni kabla haijaingia kwenye damu.

Nakuja kwenye swali lako. Jumapili ile ya mwaka juzi, wewe hukuwepo, kaka yako alikuja na mkewe na tukafanya hivyo hivyo unavyotaka kufanya. Tulikula uani. Mlango tukaurudisha, redio ya barazani tukaiongeza sauti, kana kwamba redio inaziba pua. Mchicha wa nazi, samaki wa kupaka, mimi mwenyewe ndiye niliyepika. Baba yako alikuwa barazani na wali wake na kuku wa kuchemsha, hakusema neno. Baadaye akavaa kofia, akasema anakwenda kukaa na wenzake kwa muuza madafu. Akanywa mawili. Dafu moja la wastani lina potasiamu ya miligramu 750, likiwa kubwa hata 1,000. Mawili yalimmalizia siku nzima, juu ya aliyokwisha kula. Na ilikuwa Jumapili, siku mbaya kuliko zote, kwa sababu mashine ni Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, na kutoka Ijumaa mpaka Jumatatu hakuna kinachomsafisha. Alfajiri miguu ikawa mizito kama imejazwa mchanga, ngazi tatu za nje zikamshinda. Walipompima potasiamu ilikuwa 7.1, na kawaida haitakiwi kupita 5 na kitu. Kipimo cha moyo kilichora vilele virefu vilivyochongoka. Wakamtundikia dawa ya kalsiamu ya kuukinga moyo, wakampeleka kwenye mashine kabla ya zamu yake. Aliponyanyuka kitandani alinitazama akasema, "Samaki wenu aliungua upande mmoja." Maneno hayo bado yananikaa kooni. Alimjua yule samaki kwa harufu mpaka upande ulioungua.

Kwa hiyo nasema kufichwa ndiko kulikompeleka kwenye madafu. Halafu usiku nikilala najibishana. Kiu ya lile jua la siku ile angeipeleka wapi? Amekunywa madafu tangu mtoto, na wenzake wale hakuna aliyejua habari za potasiamu, kwao dafu ni dawa ya figo, linasafisha. Kwa mtu mwenye figo nzima sina ugomvi nao. Huenda angekula nasi mezani na bado akaenda. Na siku nyingine nilimwekea kikombe chake cha mbaazi mbele ya watu, akamaliza, akaomba cha pili, mjukuu akamsogezea chake kwa huruma, na mimi nikaonekana mchawi kwa kukirudisha. Basi mezani nako kuna vita vyake.

Ninachojua kwa hakika ni kidogo. Hamu ikimpanda, mara nyingi robo saa inatosha ishuke, endapo anaondoka palipo na harufu na anashika kitu kingine: apige mswaki, atembee mpaka kwa fundi cherehani, akuongelee kwenye simu. Akizuiwa kwa kelele haishuki, inahamia mahali ambapo hakuna anayepima.

Umeuliza pia ulete nini, ingawa ulilichomeka mwishoni kama halina uzito. Tende usilete. Tende kubwa moja ina potasiamu kama miligramu 160, tatu ni zaidi ya ndizi nzima, na hakuna mtu anayekula tende moja. Halua lete. Ni wanga, sukari, samli na zafarani, na baba yako figo zilikwenda kwa presha, sukari hana. Chagua isiyo na lozi wala korosho, umkatie kipande cha vidole viwili. Na ile chumvi ya wagonjwa wa presha inayouzwa kwenye maduka makubwa ya huko, hata ukipewa bure, iache: wameondoa sodiamu wakatia kloridi ya potasiamu, kwake ni hatari kuliko chumvi yenyewe. Betri za mizani lete, zile za duara.

Kuhusu wapi mle, mdomo unaniwasha nikuambie, na unajua ningesema nini. Lakini nilikwisha kuamua kwa niaba yake mara moja. Mpigie yeye, usipitie kwangu, muulize kama anataka kukaa nanyi au hataki, na akikujibu usimbishie. Ila jambo moja halina mjadala: mwezi ukiandama Idi ikaangukia Jumamosi au Jumapili, mbaazi hazipikwi siku hiyo, si za kwake wala za kwenu. Nitaziloweka Jumapili usiku, tutazila Jumatatu jioni akishatoka mashine.

Mamako