Safu ya Safari na Mapumziko: Hoteli ya Msituni Hujulikana Nyuma ya Jiko

SWALI: Shikamoo, dada. Mimi na mume wangu tunaishi Tabata, na mwaka huu tunatimiza miaka 25 ya ndoa. Tumeweka akiba kwa ajili ya siku nne za mapumziko, na watoto wetu wametushauri kwamba badala ya ufukweni, ambako tumekwisha kuzoea, twende kwenye hoteli ya kifahari iliyojengwa kando ya msitu wa mvua huko milimani. Nimeyasoma maelezo yao. Hakuna kiyoyozi, hakuna televisheni, umeme ni wa jua, na maji ya moto hupatikana kwa saa maalumu tu. Hata hivyo, bei ya usiku mmoja inazidi ile ya hoteli ya ufukweni tuliyolala mwaka juzi, iliyokuwa na vitu hivyo vyote. Mume wangu anasema huko ni kununua shida kwa bei ya raha. Je, anasema kweli? Na nitajuaje kwamba hoteli hiyo ni rafiki wa mazingira kama inavyojinadi?
Msomaji, Tabata

JIBU: Marahaba, mdogo wangu, na hongereni sana. Shemeji ameuliza jambo la haki, nami nitalijibu kwa kuanza na hiyo bei.

Hoteli ya mjini hununua umeme kwa LUKU, huletewa maji na bomba, na taka zake huchukuliwa na gari. Hoteli ya msituni iliyo makini hujitafutia yote matatu kwa gharama yake yenyewe. Chukueni kiyoyozi kama mfano. Kile cha kawaida cha chumbani kinapofanya kazi kwa nguvu zote hula takriban kilowati moja, yaani uniti moja kwa saa, ilhali paneli ya jua ya wati 400, ikiwa mahali pazuri, huzalisha kiasi cha uniti moja na nusu hadi mbili kwa siku nzima. Kwa hesabu hiyo, chumba kimoja kinachopozwa usiku kucha huhitaji paneli nne au zaidi pamoja na betri za kuhifadhia, na hapo hatujawasha taa wala friji. Isitoshe, msituni jua lenyewe halifiki chini, kwa kuwa miti mirefu imelifunika, hivyo mwenye hoteli hulazimika ama kuweka paneli mahali palipo wazi na kuvuta nyaya mbali, ama kufyeka miti. Anayekataa kufyeka amejitwika gharama ambayo mgeni haioni, na sehemu ya bei mliyoisoma inatoka hapo.

Kiyoyozi chenyewe, hata hivyo, hamtakihitaji kama mtapanda milimani. Kwa kawaida joto hushuka kwa nyuzi sita hivi kila mtu anapopanda mita 1,000, na kwa sababu hiyo mtu aliyetoka Tabata mwezi wa Januari akalala kwenye nyumba iliyo mita 900 juu ya usawa wa bahari huko Amani, katika Usambara Mashariki, hushangaa kuona anajifunika blanketi. Chini ya mlima, kama vile Mang'ula kwenye lango la Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Udzungwa, joto lipo, na hapo nyumba iliyojengwa vizuri husaidia kuliko mashine: sakafu iliyoinuliwa juu ya nguzo ili upepo upite chini yake, paa lenye mapana linalotoa kivuli, na kuta zenye wavu zinazopitisha hewa huku zikizuia mbu.

Sasa niingie katika swali lako la pili, ambalo kwangu mimi ndilo kubwa.

Miaka kadhaa iliyopita nililala katika hoteli moja ya milimani ambayo sitaitaja. Chumbani palikuwa na kibao cha mbao kilichoniomba nisibadilishe taulo kila siku kwa ajili ya kuilinda dunia, mirija ya vinywaji ilikuwa ya mianzi, na sabuni ilifungwa kwa jani la mgomba lililokauka. Nilipendezwa nayo kweli. Alfajiri nikasikia harufu ya plastiki inayoungua, nikaufuata moshi hadi nyuma ya jiko. Palikuwa na shimo lenye chupa za maji zilizoyeyuka nusu, mifuko ya maziwa na makopo, na ukingoni mwake alikaa kima akilamba kikopo cha mtindi kwa utulivu, kama mtu aliyezoea kifungua kinywa cha mahali pale. Kijana wa jikoni alinisalimu kwa adabu, akaniambia, «Mama, gari la taka halifiki huku.» Hakuwa na kosa. Kosa lilikuwa la aliyenunua mirija ya mianzi kwa ajili ya macho yangu na kuacha kununua mapipa.

Tangu siku hiyo, kabla ya kulipa hoteli yoyote ya namna hiyo, hupiga simu na kuuliza mambo ya nyuma ya jiko. Taka zisizooza zinakwenda wapi, na ni nani anayezisafirisha? Maji ya vyooni na bafuni yanaishia wapi? Mahali penye uangalifu watakueleza bila kusita kwamba maji machafu hupita kwenye mashimo ya kutulia, kisha kwenye bustani ya matete ambayo mizizi yake huyasafisha kabla hayajarudi ardhini, kwamba mabaki ya chakula hugeuzwa mboji, na kwamba chupa za vioo hurudishwa mjini kwa gari lile lile lililoleta vyakula. Wasioweza kujibu watakusomea tena maelezo ya tangazo. Uliza pia jiko linatumia nini, maana hoteli inayopikia mkaa wa miti iliyokatwa katika mlima ule ule inajila yenyewe. Na uliza mbao za nyumba zimetoka wapi: msaji wa mashamba ya kupandwa, kama lile la Longuza huko Muheza, si sawa na mvule uliokatwa msituni.

Kuhusu bwawa la kuogelea, najua picha zake huvutia, lakini chunguzeni linajazwa na nini. Kijito cha msituni kinachoonekana kidogo kina wategemezi wengi kuliko ukubwa wake unavyoonyesha. Mtakumbuka habari ya chura mdogo wa Kihansi, aliyeishi mahali pamoja tu duniani, kwenye manyunyu ya maporomoko ya mto Kihansi katika milima ya Udzungwa. Maji yalipoelekezwa kwenye mitambo ya umeme, manyunyu yakapungua, na mwaka 2009 chura huyo alitangazwa kuwa ametoweka porini. Alinusurika kwa kuwa baadhi yao walikuwa wamepelekwa Marekani na kuzalishwa huko, na kuanzia mwaka 2012 wakaanza kurudishwa. Sisemi kwamba bwawa la hoteli ni sawa na bwawa la umeme. Nasema kwamba maji yanayochotwa juu huwa yamepungua kwa viumbe na kwa kijiji kilicho chini, na mwenye hoteli mwema anajua ni kiasi gani amechota.

Jambo hili linatuhusu hata sisi tuliokaa huku jijini Dar es Salaam. Mto Ruvu, unaolisha mitambo ya maji ya Ruvu Juu na Ruvu Chini, unaanzia katika Milima ya Uluguru, ambako msitu hunasa mvua na ukungu, ukayaachia maji polepole. Mwezi wa Oktoba 2022, Ruvu ilipopungua na mgao wa maji ukatangazwa, wengi wetu tulibeba ndoo bila kufikiria kwamba bomba letu lina upande wake wa pili, nao uko mlimani. Uluguru, Usambara na Udzungwa ni sehemu ya safu moja, Milima ya Tao la Mashariki, inayoanzia Taita nchini Kenya, na misitu yake ina mimea na wanyama wasiopatikana kwingine. Ua dogo la zambarau ambalo Wajerumani hadi leo huliita kwa jina la Usambara, linalopandwa kwenye vyungu madirishani duniani kote, asili yake ni milima hii.

Ulizeni vilevile kuhusu majirani. Huko Udzungwa, kwa miaka mingi wanawake wa vijijini waliruhusiwa kuingia hifadhini siku maalumu za wiki kuokota kuni kavu, na ruhusa hiyo ikasitishwa mwaka 2011. Msitu ulindwe, hilo sina ubishi nalo, lakini mama aliyefungiwa kuni anapaswa kuona faida nyingine ya msitu huo, na hoteli ya kifahari iliyo mlangoni pake ina nafasi ya kumpa. Je, ndizi, magimbi, mayai na mboga mtakazokula zinanunuliwa kijijini au zinatoka mjini? Waongozaji na wapishi ni wa pale pale? Wakikwambia wana cheti cha utalii endelevu, uliza kimetolewa na nani na kinaisha lini. Vigezo vinavyotambulika kimataifa hugusa uongozi, jamii, utamaduni na mazingira kwa pamoja, si taulo peke yake.

Nimwambie shemeji atakachopata kwa fedha zake. Asubuhi moja nilikaa barazani na kikombe cha chai ya iliki, ukungu ukiwa bado umelala juu ya miti, nikasikia juu yangu kitu kama mtu anayekung'uta khanga mbichi kwa nguvu. Alikuwa hondohondo akiruka, na kila pigo la mbawa zake lilisikika waziwazi, kwa sababu hapakuwa na jenereta, redio wala pikipiki ya kulifunika. Nilitulia pale hadi chai ikapoa. Anasa ya msituni ni hiyo, pamoja na kitanda safi, chakula kilichopikwa kwa uangalifu na mtu anayeujua msitu wa kukutembeza. Kama mnapenda jioni zenye muziki na watu wengi, nendeni ufukweni kwa amani, wala hamtakuwa mmekosea.

Kabla ya kulipa, hakikisheni kama bei inajumuisha milo, mwongozaji na viingilio, ulizeni bei ya Watanzania, na mbebe vitambulisho vya NIDA, kwa kuwa viingilio vya raia hifadhini ni tofauti na vya wageni.

SWALI: Mheshimiwa Mhariri, mimi na mchumba wangu tunafunga ndoa mwezi wa Aprili, na hoteli moja ya msituni imetupunguzia bei ya fungate kwa kiasi kikubwa. Je, kuna tatizo?
Bwana harusi mtarajiwa, Kigamboni

JIBU: Mwanangu, Aprili ni masika, na hiyo ndiyo sababu ya punguzo hilo. Katika msitu wa mvua wakati huo njia za miguu huteleza, barabara za kupanda huharibika, na betri za umeme wa jua hupungukiwa siku za mawingu mfululizo. Kama hoteli yenu iko Udzungwa, hifadhi ile hutembelewa kwa miguu, ndani yake hakuna barabara za magari ya watalii, kwa hiyo mvua ikikaza mtabaki chumbani. Kwa maharusi huenda hilo lisiwe msiba, lakini mkitaka kuyafikia maporomoko ya Sanje, ambayo kwa jumla yanashuka mita 170, fungeni ndoa Aprili na muiweke fungate kati ya Juni na Oktoba.

Mkiamua kwenda hivyo hivyo, chukueni viatu vyenye soli ya meno, soksi ndefu za kuingiza suruali ndani kwa ajili ya siafu, na koti jepesi la mvua. Viatu vya ngozi viacheni nyumbani, kwa maana huota ukungu kwa siku chache. Laleni ndani ya chandarua hata kama kuta zina wavu, kwa kuwa bonde la Kilombero lililo chini ya Udzungwa lina malaria, na mkirudi mmoja wenu akapata homa, apime siku hiyo hiyo. Sabuni na shampuu zisiingie kijitoni, hata zile zilizoandikwa kuwa za asili.

SWALI: Dada, ndugu zangu nami tunataka kumpeleka baba yetu, mwenye miaka 71, kwenye hoteli ya namna hiyo. Magoti yanamsumbua kidogo, na anasema giza na ukimya wa msituni vitamnyima usingizi. Tumlazimishe?
Binti yake, Ukonga

JIBU: Msimlazimishe mzee. Magoti yana dawa, kwa kuwa si kila njia ni ya kupanda: karibu na lango la Mang'ula kuna njia fupi ya kwenda kwenye maporomoko ya Prince Bernhard, ambayo mzee anayetembea taratibu huimudu, na hoteli inaweza kuombwa chumba kisicho na ngazi nyingi. Kuhusu giza, mjaribuni karibu na nyumbani. Kutoka Ukonga hadi misitu ya Pugu na Kazimzumbwi ni mwendo mfupi. Hiyo ni misitu ya pwani, si ya mvua kama ya milimani, lakini kivuli na sauti zake zinatosha kumwonjesha. Nendeni alasiri na kiti chake cha kukunja na chupa ya chai, mkae na mwongozaji karibu na mapango ya zamani ya udongo wa kaolini hadi magharibi, popo wanapoanza kutoka. Akiomba kubaki kidogo, wekeni nafasi ya hoteli. Akiuliza gari liko wapi, mpelekeni kwingine.