Usukani unashuka mapajani: nichomelee tena?

SWALI: Habari za kazi, fundi. Nina Corolla 110 ya mwaka 1998. Mwaka jana mkono wa kupandishia na kushushia usukani uliacha kubana, nikawa nikikata kona usukani unashuka mapajani. Fundi wa mtaani akachomelea pembeni, ukatulia. Wiki iliyopita umeachia, na sasa unacheza juu chini kila nikipita kwenye rasta. Anasema ataongeza chomeo kwa shilingi 20,000. Nimruhusu? – Msomaji, Morogoro

JIBU: Usimruhusu. Na gari lisitoke nyumbani mpaka lifunguliwe na fundi mwingine.

Naletewa magari ya namna hii kila mara. Nafungua kava la plastiki chini ya usukani, namulika tochi, nakuta donge la chomeo kama la geti la uani. Aliyelipiga alidhani nguzo ya usukani ni bomba lenye fimbo ndani, likilegea linashikwa kwa moto. Mwenye gari naye ananiambia, "Mimi sina haja ya kuupandisha wala kuushusha, ukae hapo hapo." Anadhani amepoteza starehe tu.

Nguzo hiyo imetengenezwa ili siku ya ajali ikubali kujikunja. Magari ya zamani yalikuwa na fimbo moja ndefu kutoka boksi la usukani, lile la mbele linalogeuza magurudumu, hadi mbele ya kifua cha dereva. Gari likigonga kwa mbele, boksi lilirudi nyuma na fimbo ikamfuata mtu kwenye kiti chake kama mkuki. General Motors ilianza kuweka nguzo zinazojikunja kwenye magari yake ya mwaka 1967, na kuanzia 1968 sheria ya Marekani ikataka gari dogo likigonga ukuta kwa kilomita 48 kwa saa, nguzo isirudi kwa dereva zaidi ya milimita 127. Watengenezaji wengine wakafuata njia hiyo.

Lala chali chini ya dashibodi uangalie breketi ya juu, kile chuma kinachoshikilia nguzo kwenye boriti ya dashibodi. Kwenye Toyota nyingi za rika la gari lako, masikio ya breketi hiyo yamekaa ndani ya vipande vidogo vya aluminiamu vilivyoshikizwa kwa vipini, yaani pini ndogo, vya plastiki. Ndiyo, plastiki, na si ubahili wa kiwanda. Kifua cha dereva kikisukuma usukani, vipini vinakatika, breketi inachomoka, nguzo inakwenda mbele badala ya kugoma. Fimbo ya ndani nayo ni vipande viwili, kimoja kinaingia ndani ya kingine.

Sasa mtu analeta hapo moto wa kuyeyusha chuma. Ama ameunganisha sehemu mbili zilizotakiwa kuachana, ama ameyeyusha vipini na nguzo imebaki inaning'inia. Huko kucheza kwenye rasta kunanifanya nishuku hili la pili. Halafu kama usukani wako una herufi SRS, mtu huyo alikuwa anapitisha umeme wa kuchomelea jirani na eabegi, ule mfuko wa hewa unaofumuka siku ya ajali. Muulize kama alichomoa hata waya wa betri.

Kinachoniudhi zaidi ni kwamba ugonjwa wa mwanzo huenda ulikuwa nati tu. Mkono wa tilti, huo wa kupandishia na kushushia usukani, unafanya kazi kwa namna mbili. Kuna wa meno: ukishusha usukani unausikia unaruka hatua kwa hatua, na meno yakilika au springi ya kufuli ikichoka, hauumi tena. Kuna wa kubana: boliti moja inapita kwenye mabawa mawili ya breketi, mkono unaikaza, usukani unasimama popote. Huu wa pili nati ikilegea, au mkono ukigota kwenye kava kabla haujabana, usukani unashuka. Dawa yake ni kufungua, kusafisha, kurudisha mkono kwenye nafasi yake na kukaza. Na usipake grisi kwenye nyuso zinazobanana! Nimeona mtu akipaka "ziteleze vizuri", kisha akashangaa haziumi.

Kwako wewe tumeshavuka huko. Breketi iliyochomelewa sikati kwa gurudumu la kusagia nikairudisha. Nabadilisha nguzo nzima. Kabla ya kugusa, fundi atoe waya hasi wa betri na asubiri angalau sekunde 90, magurudumu yakiwa yamenyooka. Apige alama ya rangi pale fimbo inapoungana na jointi ya chini, la sivyo usukani utakaa upande. Usukani wenyewe uchomolewe kwa pula, kile kifaa cha kuvutia. Utepe wa waya wa eabegi ulio nyuma yake usizungushwe ovyo ukiwa mezani, maana ukipita kiasi unakatika.

Nyundo nayo ina kesi. Kuna mafundi wakishalegeza nati ya usukani wanagonga ncha ya fimbo mpaka usukani utoke. Utatoka, lakini vile vipande viwili vya ndani vinaweza kusukumana na kukata plastiki inayovishikilia, na mteja anarudi baada ya wiki akilalamika kuwa usukani unaingia na kutoka kama droo. Hapo ndipo anapoambiwa "tairodi zimekwisha", yaani zile fimbo za chini zinazokata magurudumu, na kuuziwa tairodi.

Spea ya kutoka kwenye nusu gari, yaani gari lililotumika likakatwa kuuzwa vipande, iwe Gerezani au Ilala, mimi siikatai, lakini usinunue nguzo ukiwa umesimama barabarani na muuzaji anakuharakisha. Gari hilo lilikatwa kwa sababu fulani, na mara nyingi sababu ni kugongwa kwa mbele. Shika masikio ya breketi uyatikise: yakicheza kwenye vipande vya aluminiamu, rudisha. Ukiona kipande kimetoka nusu, rudisha. Vuta na sukuma ncha ya fimbo, haitakiwi kusogea. Na nenda na nguzo yako ya zamani mkononi muilinganishe kwa urefu, kwa sababu iliyokwisha kujikunja kidogo huwezi kuijua kwa macho, na muuzaji atakwambia zote za 110 ni sawa.