Pereira ni jina la Kiyahudi?
Ndugu uliyeuliza kama Pereira ni jina la Kiyahudi kwa kuwa maana yake ni mti: hapana, mti peke yake hauthibitishi kitu. Kwa Kireno pereira ni mpeasi, na lilianza kama jina la mahali. Mtu aliitwa kwa kijiji alikotoka. Nuno Álvares Pereira, jemadari wa Ureno aliyeshinda vita vya Aljubarrota mwaka 1385, alikuwa kabaila Mkristo.

Ila Wayahudi waliolazimishwa kubatizwa Ureno mwaka 1497 walichukua majina yaleyale ya majirani zao, na hili likiwemo. Ndiyo maana utawakuta akina Pereira kati ya Wayahudi wa Amsterdam. Utafiti wa mwaka 2008 wa kromosomu Y, ile ambayo mwana hurithi kwa baba, ulikadiria asili ya Kisefardi (Wayahudi wa Hispania na Ureno) kwa wanaume wa Hispania na Ureno kuwa karibu asilimia 20, na ya Afrika Kaskazini karibu 11. Damu hiyo imo katika jamii nzima, haikujifungia kwenye jina moja.

Tena akina Pereira wa Goa, koloni la zamani la Ureno huko India, wakiwemo waliohamia Mombasa na Zanzibar, wengi wazee wao walipewa jina hilo kwenye ubatizo tu. Vinasaba vyao kwa sehemu kubwa ni vya Kihindi. Anza na daftari za ubatizo za parokia ya babu yako.